Simu iliyozama Devizes: uchambuzi wa kisa kimoja cha safari ya mfereji

Kisa hiki kilitokea kwenye mfereji wa Kennet and Avon, kusini mwa Uingereza, katika mji wa Devizes, na kinahusu simu moja tu. Nimekichagua kwa sababu simu ile ilikuwa na kila kinga ambayo watu huiamini: mtengenezaji wake aliitangaza kuwa inastahimili maji, ilinunuliwa pamoja na kifuko kisichopitisha maji, na mwenyewe ni mtu makini. Hata hivyo ilizama, ikaopolewa ikiwa bado inawaka, na ikafa usiku uleule ikiwa kwenye chaja. Ninachotaka kuonyesha ni kwamba hatima yake haikuamuliwa na ubora wa kinga hizo. Iliamuliwa na mahali simu ilipokuwa wakati mikono ya mwenyewe ilipokuwa na kazi nyingine, na baadaye na mambo yaliyofanywa katika saa chache baada ya kuopolewa.

Boti za mifereji ya Uingereza ni nyembamba na ndefu: upana wake ni takribani mita 2.1, na urefu wake unaweza kuzidi mita 20. Anayeongoza husimama tezi, yaani sehemu ya nyuma ya boti, mara nyingi bila paa juu yake, akiwa ameshika kana, yaani mpini wa usukani, kwa mkono mmoja. Katika mifereji mingi mwendo hauruhusiwi kuzidi maili 4 kwa saa, yaani kama kilomita 6.4, ambao ni mwendo wa mtu anayetembea kwa haraka. Kwa sababu ya utulivu huo, wengi wanaokodi boti kwa mara ya kwanza huichukulia kama nyumba iliyowekwa juu ya maji, na simu huishughulikia kama wanavyoishughulikia sebuleni. Huiweka juu ya paa la chuma mbele ya macho yao ili waione ramani, huiegemeza kwenye ukingo wa dirisha, au huitia mfuko wa nyuma wa suruali. Lakini paa lile hutetemeka muda wote injini inapofanya kazi, matawi ya miti hulifagia boti linapokaribia ukingo, na ukingo wa dirisha hujaa matone kila asubuhi kwa sababu pumzi za waliolala ndani hukutana na kioo baridi.

Hatari huongezeka kwenye malango ya maji. Pale ardhi inapoinuka, mfereji hupandishwa kwa vyumba vya mawe au matofali vyenye milango mizito kila upande: boti huingia, milango hufungwa nyuma yake, vilango vidogo hufunguliwa ili maji yaingie, na boti huinuliwa hadi usawa wa upande wa juu. Kilima cha Caen Hill, magharibi mwa Devizes, kina malango 29 katika umbali wa kilomita zipatazo 3.2, na kati yake 16 yamepangana kwa mstari mmoja mteremkoni kama ngazi. Jumla ya kimo kinachopandwa ni mita 72. Malango haya yalikamilika mwaka 1810 na hadi leo abiria wenyewe huyaendesha kwa nguvu za mikono. Kila kilango kidogo hufunguliwa kwa kuzungusha mkono wa chuma unaobebwa kutoka lango hadi lango, na kila mlango mkubwa husukumwa kwa mgongo. Kazi yote huchukua saa tano au sita, na katika muda huo mtu hushuka ukingoni, hupanda botini, huinama, huvuta kamba na kuinuka tena mara nyingi mno. Mfuko wa koti hupinduka mara hizo zote.

Boti tunayoizungumzia ilikuwa na watu wanne: mwanamke mmoja aliyeikodi kwa jina lake, mume wake, mdogo wake wa kiume, na binti yao wa shule ya sekondari. Ni familia inayozungumza Kiswahili nyumbani na iliyoishi Uingereza miaka mingi. Mwanamke huyu, ambaye nitamwita mwenye simu, ndiye aliyesimamia safari. Simu yake ilibeba ramani ya mfereji, picha za kurasa za mwongozo wa boti, namba ya fundi wa kampuni ya kukodisha, tiketi za treni ya kurudi, na programu ya benki. Mume alishika kana. Mdogo mtu alitangulia kwa miguu kwenda kufungua malango. Mvua nyepesi ilianza adhuhuri wakiwa katikati ya kilima na haikukatika.

Kifuko kisichopitisha maji kilikuwepo tangu asubuhi. Kilikuwa cha plastiki angavu, chenye kibanio cha kukunja juu na kamba ya shingoni, na mwenye simu alikivaa kwa malango ya mwanzo. Alikivua kwa sababu mbili ambazo zinastahili kuzingatiwa, kwa kuwa zinawapata wengi. Kwanza, plastiki ilijaa ukungu ndani, picha alizompiga binti yake akisukuma lango zikatoka kama zimepigwa ndani ya moshi. Pili, ile kamba ndefu iliyumba mbele yake kila alipoinama, na mara moja karibu inaswe kwenye meno ya gurudumu la kufungulia maji. Alifanya vizuri kuiogopa kamba ile. Kitanzi kisichokatika kinachoning'inia shingoni mwa mtu anayezungusha chuma au anayevuta kamba ya boti kubwa ni hatari iliyo kubwa kuliko hasara ya simu yoyote. Kilichokosekana ni mahali pengine pa kuiweka simu baada ya kifuko kuvuliwa. Kifuko kikatundikwa kwenye kulabu ndani ya boti, na simu ikaingia mfuko wa pembeni wa koti la mvua.

Mfuko ule ulikuwa na zipu, nayo ilikuwa nzima. Haikufungwa, kwa sababu simu ilikuwa ikitolewa kila baada ya dakika chache kuangalia ni malango mangapi yamebaki. Kuna jambo hapa ambalo mashauri mengi kuhusu simu na maji hayaligusi: kinga inayotegemea mtu kufunga kitu kila mara hushindwa na matumizi yenyewe. Mtu anayeitoa simu mara arobaini kwa siku hatafunga zipu mara arobaini, hata akiwa mwangalifu kiasi gani, na zaidi akiwa na vidole vilivyolowa na baridi. Ramani ingekuwa kwenye karatasi ndani ya mfuko wa plastiki, au mikononi mwa binti aliyekaa ndani ya boti, zipu ile ingefungwa asubuhi na kufunguliwa jioni.

Ajali yenyewe haikutokea kwenye lango lolote. Walipita lango namba 50, la mwisho kwa anayepanda, wakaingia sehemu tambarare ya mfereji mjini Devizes na kutafuta nafasi ya kufunga boti. Uchovu ulikuwa umeingia na furaha pia. Mwenye simu alishuka ukingoni na kamba ya katikati ya boti, akaizungusha kwenye chuma cha kufungia, na boti ilipoendelea kusogea mbele aliegemea nyuma na kisha akainama kwa nguvu ili kuipunguza mwendo. Mfuko ukaelekea chini. Simu ilitoka bila yeye kuihisi, ikagonga ukingo wa chuma wa boti, na ikaingia katika mwanya wa maji uliokuwa kati ya boti na ukuta wa mawe, mwanya ambao hauzidi upana wa mkono.

Walifanya mambo manne mazuri katika dakika ya kwanza, na ni haki kuyataja. Mume aliondoa gia mara moja, rafadha, yaani panga la kusukumia boti, ikasimama. Rafadha inayozunguka kwenye maji ya kina kifupi huchimba tope na kulitawanya, na ingeifukia simu au kuisogeza mbali. Mwenye simu hakuiachia kamba ili adake simu, jambo ambalo mwili wa binadamu hutaka kulifanya kabla akili haijaamua, na ambalo lingeliacha boti la tani zaidi ya kumi likielea huru pembeni mwa maboti ya watu. Binti alibaki amesimama palepale, jicho lake likiwa mahali simu ilipoingilia. Na mdogo mtu alipoanza kuvua viatu, jibu alilolipata lilikuwa fupi.

"Dada, naingia, maji ya hapa hayafiki hata kifuani."

"Huingii popote, mdogo wangu. Simu hununuliwa."

Maji hayakuwa na kina kirefu kweli, pengine mita moja pale ukingoni. Lakini kina ndicho kitu kidogo kuliko vyote katika hesabu ile. Chini kuna tope laini ambalo mguu huzama ndani yake, kuna vyuma na vioo vilivyotupwa miaka mingi, na maji baridi humshtua mtu hadi akavuta pumzi bila kutaka. Boti likirudishwa kidogo tu na upepo, aliye kati yake na ukuta hana pa kwenda. Mkojo wa panya huleta katika maji ya mifereji vijidudu vya ugonjwa wa leptospirosisi, ambavyo huingia mwilini kupitia michubuko, macho na mdomo. Hata wale walioshika simu baada ya kuopolewa walitakiwa kunawa kwa sabuni kabla ya kula, na mwenye kidonda mkononi kukifunika. Natoa nafasi kwa jambo hili kwa sababu simu ya siku hizi imebeba mambo mengi kiasi kwamba mtu mwenye akili timamu anaweza kurukia maji kuifuata kabla hajafikiri.

Waliiopoa hivi: boti lilisukumwa polepole kutoka ukingoni kwa pondo, yaani mti mrefu wa kusukumia boti, na pondo lenyewe likakitwa wima mahali binti alipokuwa anapaonyesha ili alama isipotee. Wakasubiri tope litulie. Jirani wa boti la nyuma alileta wavu wenye mpini mrefu, wa aina inayotumiwa na wavuvi wa ndoano kumtoa samaki majini, na mdogo mtu akalala kifudifudi kwenye majani, akauteremsha wavu hadi chini na kuuvuta kwa kuukwaruza, tena na tena. Wengi wangeanza na sumaku ya kamba, kifaa ambacho baadhi ya maboti hukiweka kwa ajili ya funguo na mikono ya chuma inayoanguka majini. Kwa simu sumaku haifai: mwili wake ni alumini, kioo na plastiki, na chuma kidogo kilichomo ndani hakitoshi kuivuta kutoka kwenye tope. Baada ya dakika zipatazo 25 simu ilitoka katika wavu pamoja na majani yaliyooza, kioo chake kikiwaka na kuonyesha saa sahihi.

Hapo ndipo kila mtu aliamini kuwa mambo yamekwisha.

Simu ile ilikuwa na alama ya IP68. Alama hizi hutokana na kiwango cha kimataifa cha IEC 60529. Tarakimu ya kwanza hueleza kinga dhidi ya vumbi na ya pili kinga dhidi ya maji. Saba katika nafasi ya pili humaanisha kuzamishwa hadi mita 1 kwa dakika 30, na nane humaanisha hali kali zaidi ya hiyo kwa kina na muda anaoutaja mtengenezaji mwenyewe, ambao kwa simu hii ulikuwa mita 1.5 kwa dakika 30. Ukilinganisha tarakimu hizo na kilichotokea, simu ilikuwa ndani ya mipaka yake: mita 1, dakika 25. Lakini jaribio la kiwango hufanywa maabara kwa kifaa kipya, katika maji safi yaliyotulia. Simu ya Devizes ilikuwa na umri wa miaka mitatu, ilikwisha kuanguka sakafuni mara kadhaa, na mwaka mmoja kabla ya safari ilibadilishwa kioo katika duka la ufundi mtaani. Kinachozuia maji kati ya kioo na fremu ni utepe mwembamba wa gundi. Fundi anapokiondoa kioo utepe huo hukatika, na usiporudishwa mpya na kubanwa sawasawa, alama ya IP68 hubaki kwenye karatasi za dukani tu. Tena, kabla ya kuzama, simu iligonga chuma kwa kona. Kioo hakikupasuka, lakini mwanya mwembamba kuliko unywele unatosha. Ndiyo maana alama hii isomwe kuwa ni nafasi ya pili mtu anayopewa baada ya kosa, na yeyote ambaye simu yake imefunguliwa na fundi ajihesabu kuwa hana nafasi hiyo.

Pakiwa na uwezekano wa kuwepo maji kidogo ndani, swali la kwanza si namna ya kuyatoa bali ni namna ya kuuzuia umeme usikutane nayo. Maji ya mfereji yana chumvichumvi na madini yaliyoyeyuka, na kwa hiyo hupitisha umeme. Kati ya nukta mbili za shaba zilizo jirani kwenye ubao wa saketi, moja ikiwa na volti na nyingine haina, tone la maji hugeuka daraja: metali huyeyuka upande mmoja na kujijenga upande wa pili kama vijinyuzi, hadi nukta hizo zinagusana. Jambo hili haliendi kwa haraka ya macho, na hilo linaeleza kwa nini simu iliyotoka majini ikiwaka inaweza kufa saa nane baadaye. Kuwaka kwake si dalili ya uzima. Ni dalili kwamba umeme bado unapita, nao ndio unaofanya uharibifu.

Tukiwa na hilo akilini, tuangalie walichofanya. Mwenye simu aliifuta kwa taulo, akafungua ujumbe, akapiga simu kwa kampuni kueleza kuwa wamefika salama, kisha akacheza video kusikia kama spika imepona. Binti aliitia kwenye chombo cha mchele kwa saa mbili. Usiku, chaji ikiwa imebaki kidogo, simu iliunganishwa na kebo kwenye soketi iliyo kando ya kitanda. Ikaonya kwenye kioo kwamba tundu la chaja lina maji na ikakataa kuchaji. Onyo likapuuzwa kwa kubonyeza kitufe kinachoruhusu kuendelea kwa dharura, kwa kuwa asubuhi ramani ilihitajika. Asubuhi simu ilikuwa nyeusi na yenye joto mgongoni.

Kuhusu mchele niseme wazi, kwa sababu umeenea kuliko shauri jingine lolote. Mchele hauvuti maji kutoka ndani ya simu iliyofungwa kwa gundi. Unyevu hutoka kwa hewa inayopita, na punje zilizoizunguka simu huizuia hewa hiyo. Vumbi lake huingia kwenye tundu la chaja na kugeuka uji. Apple imeandika katika mwongozo wake kwamba simu isiwekwe ndani ya mfuko wa mchele, kwa sababu chembe zake zinaweza kuiharibu. Mwongozo huohuo unaelekeza simu iliyo na maji kwenye tundu igongwe taratibu kiganjani tundu likiwa limeelekea chini, iachwe mahali pakavu penye hewa, isubiri angalau dakika 30 kabla ya kujaribiwa kuchajiwa, na kwamba huenda ikahitaji hadi saa 24 kukauka kabisa. Hayo ni kwa maji ya tundu. Kwa simu iliyolala kwenye tope la mfereji na ambayo imewahi kufunguliwa, muda huo ni mfupi mno, na ninaamini jibu salama ni fundi wa kuifungua.

Walichopaswa kufanya ni kuizima palepale ukingoni, bila kusoma hata ujumbe mmoja. Kisha kuondoa kava, kuchomoa kitrei cha laini, kufuta tope kwa kitambaa safi kilicholoweshwa maji ya bomba na kukamuliwa, na kuisimamisha tundu likiwa chini mbele ya feni ndogo au karibu na dirisha lililo wazi. Jiko la kuni na mabomba ya kupashia joto ndani ya boti hushawishi sana jioni ya mvua. Hayafai, kwa kuwa joto hulegeza gundi iliyobaki na kuidhuru betri. Na kama kuna sehemu ya kisa hiki inayonitia hofu, ni ile chaja ya usiku. Betri ya lithiamu-ayoni iliyoingiwa na maji inaweza kupata joto isilolimudu, nayo ilikuwa inachajiwa sentimita chache kutoka kwenye mto wa mtu aliyelala, ndani ya chumba chembamba cha chuma na mbao chenye milango miwili midogo, mmoja omo, yaani mbele, na mmoja tezi. Simu iliyozama isilale ndani ya boti ikiwa kwenye umeme. Ikianza kupata joto au kuvimba, itolewe nje ukingoni, mbali na watu.

Hasara iliyofuata iligusa mambo ambayo hayakuwa na uhusiano na maji. Laini ya mwenye simu ilikuwa ya kidijitali, isiyo na kadi, hivyo haikuwezekana kuihamishia kwenye simu ya mume kwa kuhamisha kadi kama ilivyozoeleka. Benki ilituma namba za uthibitisho kwenye laini ileile iliyokufa. Tiketi za treni zilipatikana kwa sababu tu binti alikumbuka nywila ya barua pepe ya mama yake. Picha za siku tatu zilipotea, kwa kuwa simu ilipangwa kuhifadhi nakala mtandaoni ikiwa kwenye Wi-Fi pekee, na boti halikuwa na Wi-Fi. Namba ya fundi wa kampuni ilikuwemo ndani ya mwongozo wa karatasi uliokuwa kabatini tangu siku ya kwanza. Ningependa kila anayekodi boti aandike kwenye karatasi moja namba hiyo, namba ya dharura ya Canal & River Trust, ambayo ndiyo inayosimamia mifereji mingi ya Uingereza na Wales, na nafasi tupu ya kujaza namba ya daraja au lango la karibu. Madaraja na malango yamepewa namba kwa sehemu kubwa, na namba hiyo humwambia mwokoaji mahali ulipo hata kama ramani yako imo majini.

Sasa, kinga yenyewe ingekuwaje? Tuanze na kuelea, kwa maana simu inayoelea huokotwa kwa mkono bila wavu wala jirani. Simu ya kawaida ina uzito wa gramu 200 hivi na ujazo wa sentimita za ujazo zisizofika 100. Kwa hiyo ni nzito takribani mara mbili ya maji inayoyasukuma, na huzama moja kwa moja. Ili ielee inahitaji zaidi ya sentimita za ujazo 100 za hewa au sponji, kiasi kinachokaribia nusu kikombe cha chai. Kifuko kilichokandamizwa hadi hewa yote ikatoka, kama wengi wanavyokifunga ili kiingie mfukoni, hakielei. Kibaki na hewa ndani, au kiwe na sponji iliyoshonewa pembeni, na kijaribiwe kwenye beseni kabla ya safari: kwanza na kitambaa cha karatasi kikavu peke yake, kikizamishwa kwa nusu saa chini ya kitu kizito, kisha na kitu chenye uzito wa simu kuona kama kinaelea. Karatasi ikitoka na doa moja la unyevu kwenye mshono, kifuko hicho hakifai.

Ukungu ulioharibu picha za Caen Hill ulikuwa na sababu nyepesi. Kifuko kilifungwa ndani ya boti asubuhi, wakati chai inachemka na hewa imejaa mvuke, kisha kikatolewa nje kwenye baridi, na mvuke ule ukageuka matone juu ya plastiki. Kifungwe nje au mlangoni penye hewa kavu zaidi, na kiwekewe kimojawapo cha vile vifuko vidogo vya chembe za silika vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu. Jambo dogo kama hili ndilo lililomfanya mwenye simu aivue kinga yake.

Kuhusu kamba, nakubaliana na woga wake na ningeenda mbali zaidi: kwenye malango asivae mtu yeyote kamba ya shingoni isiyo na kiungo kinachoachia kikivutwa kwa nguvu. Kilicho bora ni kamba fupi ya kiganja kimoja, iliyoshikizwa kwenye pete ndani ya mfuko wa koti au wa jaketi okozi, ili simu ikitoka mfukoni ibaki inaning'inia kwenye nguo yenyewe na isiweze kufika majini wala kwenye gurudumu. Kamba ya namna hiyo hufanya kazi hata zipu ikisahaulika wazi, na hiyo ndiyo sifa niliyokuwa nikiitafuta tangu mwanzo wa uchambuzi huu. Zaidi ya hapo, wangegawana kazi tofauti: anayeshika kamba au mkono wa chuma hana simu mwilini, na anayeshika simu hashiki kamba. Anayeongoza boti ndani ya lango hapaswi kuigusa kabisa, kwa kuwa boti linalopandishwa linaweza kunasa kwenye mlango wa mbele, na linaloshushwa linaweza kukalia kizingiti cha nyuma na kupinduka macho yake yakiwa kwenye ramani.

Limebaki suala la fidia, ambalo familia ilikutana nalo waliporudi. Dhamana ya mtengenezaji kwa kawaida haihusu uharibifu wa maji, hata kwa simu yenye alama ya kustahimili maji, na ndani ya simu nyingi kuna kibandiko kidogo kinachobadilika kuwa chekundu kikiguswa na maji, ambacho fundi hukitazama kabla ya kitu kingine. Bima ya simu ni mkataba mwingine, nao unaweza kutenganisha simu iliyopotea na simu iliyoharibika, kila moja na masharti yake. Simu iliyobaki chini ya mfereji ni ya kundi la kwanza, na iliyoopolewa, hata ikiwa imekufa, ni ya kundi la pili. Kwa hiyo simu ile isitupwe. Ihifadhiwe ilivyo, bila kuchajiwa tena, pamoja na tarehe, saa, na namba ya lango au daraja lililokuwa karibu, kwa sababu hayo ndiyo mwenye bima atakayoulizwa.